Naomba ushauri: nataka tovuti ya huduma yangu ya unyonyeshaji Dodoma, nimekwama

Mama Tunu
Habari za usiku wanajukwaa. Mimi ni muuguzi mkunga, naishi Dodoma, mwaka wa kumi na moja huu nipo wodi ya wazazi. Tangu mwaka jana nikitoka zamu napita majumbani kusaidia waliojifungua ambao kunyonyesha kumewashinda. Chuchu zimepasuka, ziwa limejaa mpaka linawaka moto, mtoto analia usiku kucha na mama mkwe ameshachemsha uji. Nimeshakwenda Kisasa, Ilazo, Nzuguni, mpaka Mkonze kwa bodaboda saa tatu usiku.

Wateja wananipata kwa kuambiana tu. Sasa nataka tovuti ya kueleweka. Nichukue .co.tz au .com? Niandike Kiswahili au Kiingereza, maana tangu wizara zihamie huku mji umejaa watu wa kila aina? Niweke bei wazi au wapige simu kwanza? Fundi amesema laki nane. Hela siyo shida sana, kuna namna imepatikana. Naomba msaada, usingizi umenipotea. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Zabibu
Mwanangu, hongera kwa kazi. Sisi tulizaliwa Chamwino, mama alinyonyesha mapacha huku jembe likiwa mkononi, hakuna aliyemshauri zaidi ya bibi. Bibi alikaa naye siku arobaini ndani, anamkanda, anampikia uji wa uwele na mlenda. Leo binti anajifungulia mjini, mama yake yuko Singida, mume yuko Mtumba ofisini mpaka jioni. Ndiyo maana mnahitajika nyie. Hayo ya domeini, yaani jina la tovuti, wataalamu watakuja.

Fundi Koroboi
Nimekuja, mzee wangu.

Dada, chukua .co.tz. Inasajiliwa kwa wasajili walioidhinishwa, na mteja akiiona anajua uko hapa nyumbani. Ukiwa na uwezo chukua na .com uielekeze hukohuko. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: isajiliwe kwa JINA LAKO na barua pepe YAKO. Mimi nilikuwa na duka la vipuri pale Majengo, fundi akasajili domeini kwa jina lake. Tulipokosana akaizima na wateja wa miaka mitatu wakapotea. Nililia kama nimefiwa, na kujifunza kutengeneza tovuti nilianzia hapo.

La pili, mfikirie mteja wako. Mama wa mtoto wa siku tano ana mkono mmoja tu, ule mwingine umebeba mtoto. Saa nane usiku, simu ya kioo kilichopasuka, bando la kuungaunga. Ukurasa wa kwanza ukiwa na video kubwa na picha za MB nne umeshampoteza. Weka jina lako, kazi yako, mitaa unayofika, na kitufe kikubwa cha WhatsApp ambacho dole gumba linakifikia. Picha zipunguzwe uzito. Alama ya kufuli iwepo pale juu, la sivyo simu itamwambia tovuti si salama akimbie.

Kiswahili kwanza. Mwenye maumivu hatafuti "huduma jumuishi za laktesheni", anaandika Google "maziwa hayatoki" au "mtoto anakataa ziwa". Hayo maneno ndiyo yawe vichwa vya kurasa zako. Bei weka, hata ya kuanzia, maana watu wanaogopa kuuliza.

Swali langu moja: hiyo "namna imepatikana" ni namna gani?

Dada wa Iyumbu
Nakaa huku UDOM. Mleta mada, tafadhali weka ukurasa wa wanaorudi kazini. Nilimaliza siku zangu 84 (wa mapacha wanapata 100), nikarudi ofisini matiti yanavuja mpaka nabadilisha blauzi chooni. Hakuna aliyeniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto. Nimeijua mwanangu ana mwaka na nusu. Andika na namna ya kukamua kwa mkono na kuhifadhi. Ningekulipa hata leo.

Mama Tunu
Asanteni sana, Fundi nimenakili yote. Dada wa Iyumbu hilo la kazini limenigusa, nitaliandika: yaliyokamuliwa yanakaa saa nne kwenye joto la kawaida la chumba, kwenye friji siku nne. Kwa joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja mimi huwaambia nje ya friji wasifikishe hata hizo saa nne.

Fundi, hilo la hela ni mfadhili tu. Mfanyabiashara wa vitu vya watoto hapa mjini, ameipenda kazi yangu. Naomba turudi kwenye idadi ya kurasa.

Msomi wa Kijiweni
Vitu gani vya watoto?

Mama Tunu
Nguo, mabeseni, vyandarua. Vitu vya kawaida.

Msomi wa Kijiweni
Na nini tena, dada? Mtu wa mabeseni hatoi laki nane.

Mama Tunu
Sawa, niseme. Anasambaza chupa, chuchu bandia na maziwa ya kopo. Msianze kunirushia mawe. Nembo yake itakaa chini kabisa ya ukurasa, na kutakuwa na linki moja tu, "Endapo maziwa hayatoshi". Nimeona kwa macho yangu watoto wanaohitaji kopo kwelikweli: mama amefariki mezani, mama yuko kwenye dawa za saratani. Hao nao tuwaache? Ameshanipa laki nne, nimenunua mzani wa watoto na fundi ameshaanza. Kwa mshahara wangu na ada za shule za wawili hiyo laki nane ningeipata lini?

Alichoomba kingine ni namba za akina mama ninaowahudumia na tarehe walizojifungua, ili awatumie ofa. Siyo majina.

Msomi wa Kijiweni
Dada yangu, hapo simama.

Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Chupa na chuchu bandia zimo humo pia. Inakataza kuvitangaza kwa umma, inakataza mhudumu wa afya kupewa hela au zawadi ili avisukume, na inakataza watu wa mauzo kutafuta mawasiliano na wajawazito au wenye watoto wachanga. Wewe umeambiwa ufanye yote matatu kwa mkupuo. Na sisi Tanzania tuna kanuni zetu za mwaka 2013 kuhusu vyakula vya watoto wachanga na wadogo. Usidhani ni habari ya Ulaya.

Namba za simu ndizo mbaya zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya na za watoto ni nyeti, huzichakati bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Namba na tarehe ya kujifungua vinatosha kumjua mtu, hata jina lisipokuwepo. Yule mama alikufungulia mlango akiwa kifua wazi.

Bibi Kondoa
Mjukuu wangu, mtoto anayehitaji kopo ataelekezwa hospitali na daktari wake. Lakini linki yako ataibonyeza nani? Mwenye siku tatu aliyechoka, ambaye maziwa yanakuja kesho yake. Nimelea kumi na wawili, najua ile siku ya tatu.

Chimwaga Mpole
Jamani hii ni CHAI. Akaunti ina siku mbili. Nesi wa miaka kumi na moja asijue habari ya kopo, wakati mabango ya kunyonyesha yamejaa kila kliniki na wiki nzima ya kwanza ya Agosti ni ya unyonyeshaji? Kwa mtazamo wangu huyu ni mtu wa kampuni anapima upepo, au fundi anatafuta wateja wa tovuti. Kesho mtaona "nimepata fundi mzuri, namba hii hapa". Wasimamizi funga uzi.

Kizota Kwetu
Nami nilishangaa. Mara hela siyo shida, mara mshahara hautoshi. Chagua moja.

Mzee wa Zabibu
Vijana, hata kama ni hadithi, Msomi amesema jambo la kujulikana. Acheni binti ajibu.

Mama Tunu
Nimefungua akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani inajulikana na wafanyakazi wenzangu. Niliposema hela siyo shida nilikuwa naficha, nakiri. Kuhusu kopo nilijua. Nilijua na nikajiambia nembo ni ndogo.

Wiki mbili zilizopita, Nzuguni, saa nne usiku. Binti wa miaka ishirini na mbili, kajifungua kwa operesheni, siku ya nne. Mume kasimama mlangoni na kopo mkononi, halijafunguliwa. Mama mkwe ana kikombe cha maji ya sukari. Binti ameuma khanga, kila mtoto akigusa chuchu vidole vyake vya miguu vinajikunja. Mtoto alikuwa ameshika ncha tu. Nikaweka mto juu ya mshono, nikamlaza mtoto ubavuni chini ya kwapa, tumbo lake limegusa mwili wa mama, shingo haijapinda. Nikamwambia subiri, usimlazimishe, mpapase mdomo wa juu kwa chuchu. Akaachama kama anapiga miayo, tukamleta ziwani, kidevu kikazama, mdomo wa chini ukabinuka, ile sehemu nyeusi ikaonekana kidogo tu kwa juu. Kimya. Halafu nikasikia "kah... kah...", anameza. Nikaangalia miguu ya binti, vidole vimefunguka.

Yule mume aliniuliza kopo alirudishe dukani. Nikamwambia rudisha. Sasa hapo nisipokuwa nesi, ni nani? Nisaidieni, msinitukane.

Dada wa Iyumbu
Nimelia. Hakuna mtu wa kampuni anayeangalia vidole vya miguu.

Chimwaga Mpole
Hiyo ya vidole sikuitegemea. Samahani dada. Shaka yangu kwa huyo mfadhili ipo palepale.

Fundi Koroboi
Mama Tunu, muulize fundi wako leo hii: domeini imesajiliwa kwa barua pepe ya nani? Na fomu ya kuweka miadi inatuma taarifa wapi?

Mama Tunu
Nimempigia. Domeini ni ya barua pepe ya mfadhili. Fomu nayo inatuma nakala kwake. Fundi anasema "ndivyo tulivyokubaliana". Mimi sikukubali hilo, sikuulizwa hata siku moja. Mkono unatetemeka.

Namba simpi, hilo limeisha. Laki nne nitarudisha kidogokidogo, mzani nabaki nao, nahitaji. Ila nembo... kama angekubali iwe ya mabeseni na vyandarua tu?

Msomi wa Kijiweni
Dada. Mtu yuleyule, duka lilelile.

Fundi Koroboi
Achana naye. Nakutengenezea ya kurasa tano kwa WordPress, utalipia domeini na hostingi (pale tovuti inapohifadhiwa) tu, tena unalipia mwenyewe kwa simu yako. Nyumbani, Huduma na bei, Maswali ya usiku, Kurudi kazini, Kuhusu mimi. Hapo kwa "Kuhusu mimi" andika ulichonacho: muuguzi mkunga mwenye leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Una mafunzo ya unyonyeshaji?

Mama Tunu
Nina ile kozi ya saa 40 ya ushauri wa unyonyeshaji. Fundi wa kwanza alikuwa ameniandikia "mtaalamu wa kimataifa".

Fundi Koroboi
Futa hilo. Wenye cheti cha kimataifa cha ushauri wa unyonyeshaji, IBCLC, wanafanya mtihani na kukithibitisha upya kila miaka mitano. Ukikipata tutakiandika. Na picha za wateja usiweke hata moja bila karatasi waliyosaini. Mikono yako na huo mzani vinatosha.

Baba Neema
Samahani kuingilia, nimesoma tangu mwanzo. Dada, mke wangu kajifungua siku nne zilizopita, tuko Ipagala. Mtoto leo hanyonyi, analala tu toka asubuhi. Unaweza kuja kesho?

Mama Tunu
Usisubiri kesho. Lini amekojoa mara ya mwisho? Ukimwamsha anaamka? Macho ni ya njano?

Baba Neema
Jana usiku. Anafungua macho kidogo anarudi kulala. Njano kidogo ipo.

Mama Tunu
Kaka, nendeni hospitali sasa hivi. Avuliwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe khanga na kofia, njia nzima hivyohivyo. Mama akamue kwa mkono kwenye kikombe kisafi. Kama mtoto ameamka vizuri apewe kidogokidogo, akiwa amelala msimmiminie mdomoni. Maji hapana, glukosi hapana. Mkifika semeni neno hili: siku ya nne, hanyonyi, hajakojoa tangu jana. Nimekutumia namba yangu inboksi.

Baba Neema
Tuko kwenye bajaji.

Bibi Kondoa
Mungu awatangulie.

Kizota Kwetu
Kuna habari?

Baba Neema
Dada, wametulaza. Wamempima damu, amewekwa chini ya taa ya bluu ya kupunguza manjano. Amekunywa ya mama yake kwa kikombe mara mbili. Saa kumi na moja alfajiri amekojoa.

Mama Tunu
Asante Mungu. Natoka zamu saa mbili asubuhi, napita hapo. Akikojoa tena angalia rangi kwenye nepi, uniambie.