Vepu inaacha harufu ndani? Mama mkwe anakuja kukaa nasi

Mpangaji wa Tegeta
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, wa matusi mpite tu.

Nilivuta sigara tangu chuo. Mwaka jana nikahamia kwenye vepu, yaani sigara ya umeme, ile ya kujaza maji yake mwenyewe, ladha ya embe yenye ubaridi. Sigara sijagusa tena. Tunaishi chumba na sebule, dirisha la chumbani linatazamana na ukuta wa jirani, kwa hiyo hewa ni ya kubahatisha. Joto la huku mnalijua: tukishawasha AC hatufungui kitu hadi asubuhi.

Sasa mke wangu anakaribia kujifungua na mama yake anatoka Korogwe kuja kulea mzazi. Mama ni mtu wa heshima zake, hajui kama mkwewe anavuta chochote. Mimi ndani sisikii harufu yoyote. Mke anasema chumba kinanuka bigijii na mashati yangu yananuka peremende. Mdogo wangu alikuja juzi, nikamuuliza, akasema hakuna kitu. Nimwamini nani? Na hii harufu inashika kwenye mapazia na godoro kama ya sigara, au ni ya kupita tu? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kijiweni
Mwamini mke. Mjamzito anasikia harufu ya samaki anayekaangwa mtaa wa tatu. Halafu huyo mdogo wako, yeye havuti?

Mpangaji wa Tegeta
Anavuta sigara, mzee.

Mzee wa Kijiweni
Sasa umemwita kiziwi akahukumu kwaya 😂

Dada Nesi
Mzee katania lakini ndivyo ilivyo. Mvuta sigara pua yake inapungua makali. Na wewe mwenyewe, kaka, pua yako imeshaizoea embe yako. Harufu ikikaa nawe muda wote, ubongo unaacha kuitilia maanani. Jipime hivi: toka nje zaidi ya saa, usivute, kisha rudi ufungue mlango. Pumzi ya kwanza ndiyo itakayokwambia mgeni anakutana na nini. Ukishakaa dakika chache, basi, pua imeshazoea tena.

Fundi Baridi
Mimi nasafisha AC majumbani na maofisini, naongelea ninachokiona.

Kwanza, harufu ya vepu haishiki kama ya sigara. Sigara ni jani linaloungua. Lina lami, lina majivu, na linaendelea kufuka hata ukiwa umelishika tu mkononi. Vepu haiunguzi kitu, inachemsha yale maji yake yageuke mvuke, na mvuke unaotoka ni ule ulioupuliza tu. Chumba chenye hewa ya kupita, baada ya dakika kadhaa mgeni hasikii kitu.

Lakini chumba chako hakina hewa ya kupita, ndugu yangu. Na hapa watu wengi wanajidanganya: AC ya ukutani haitoi hewa nje. Inazungusha ileile ya ndani, inaipoza na kukurudishia. Ukivuta usiku kucha madirisha yamefungwa, embe yote inabaki humohumo, na kila ukiiwasha inakupulizia ya jana.

Pili, yale maji ni propilini glikoli na gliserini, na gliserini inanata. Mvuke ukitulia unaacha utando mwembamba kwenye vioo, kwenye televisheni, kwenye mapanga ya feni. Vumbi likifika linaganda hapo. Nikifungua AC ya mvutaji wa sigara nakuta filta ya njano inayonuka kinyaa. Ya mvutaji wa vepu nakuta vumbi limeshikana kama limepakwa asali, halina harufu kali, ila kuna utamutamu fulani hivi wa zamani. Ndio huo mkeo anaita bigijii.

Pitisha kidole kwenye kioo cha kabati. Kikiteleza, jibu unalo.

Mpangaji wa Tegeta
Fundi, nimepitisha. Kinateleza.

Mhudumu Vyumba
Nipo hotelini, idara ya vyumba. Nathibitisha maneno ya fundi. Chumba kilichovutwa sigara unaweza kukifungua siku mbili, ukafua mapazia, na bado mgeni mpya akashuka mapokezi kulalamika. Cha vepu tukifungua madirisha asubuhi, jioni kinauzwa. Tabu yake ni vioo, tunafuta mara mbili. Halafu wageni wanapuliza chini ya kile kidude cha kunusa moshi wakidhani hakiwezi kuwashika, king'ora kinalia saa nane usiku, jengo zima liko uwanjani na khanga.

Ladha nazo zinatofautiana. Matunda na minti utazisikia tangu koridoni. Zisizo na ladha zinapita kimyakimya. Na kama kuna harufu ya kuungua, ni ile pamba ya ndani imekauka na koili, ule waya unaopata moto, imeichoma. Hiyo kila mtu ataisikia.

Bint Unguja
Kaka usihangaike. Siku mama anaingia tia udi kwenye chetezo, fukiza chumba, nguo, mashuka. Hakuna atakayesikia embe wala nanasi.

Dada Nesi
Bint Unguja, udi ni mila na mimi naupenda, ila hapo kuna kichanga kinakuja. Moshi wa mkaa na udi kwenye chumba kisicho na hewa, kwa pafu la mtoto mchanga, hapana. Na manukato ya kupuliza juu ya ile embe ndiyo yanaleta mchanganyiko wa ajabu kabisa.

Bint Unguja
Sisi tumefukizwa wote na tuko hai, dada. Ila nimekusikia, afukize nguo uani.

Asiye na Simile
Yaani mtu mzima, baba mtarajiwa, ananyonya embe ya umeme. Acha kabisa, tatizo limekwisha. Mnazunguka nini?

Mpangaji wa Tegeta
Kuacha nataka, na natoka kwenye sigara. Ila mama anafika wiki ijayo, naomba la kufanya sasa.

Jirani wa Kampala
Nyongeza tu. Huku Uganda sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2015 imekataza kuingiza na kuuza hivyo vitu, kwa hiyo ukija kututembelea, acha nyumbani.

Mama wa Watatu
Nawasoma tangu mwanzo, ngoja niseme kama mama mkwe, maana mimi ni mmoja wao. Nilikwenda kulea mzazi kwa binti yangu. Siku ya kwanza tu nikaingia chooni, kunanukia stroberi. Nyumba haina stroberi, hata sabuni yenye harufu hiyo sikuiona. Nilijua. Sikumwambia mkwe wangu, ningeanzia wapi? Nikamuuliza binti tukiwa wawili jikoni, akanieleza.

Kilichoniudhi si kuvuta, marehemu mume wangu alivuta Sportsman miaka yote. Ni kuona mtu mzima anajificha chooni, halafu anatoka hapo anampakata mtoto. Mwanangu, mwambie mkeo amwambie mama yake kabla hajapanda basi. Akifika atajifanya hajui, na wewe utajifanya hujui kama anajua, mtaishi vizuri. Ila uvutie nje.

Mzee wa Kijiweni
Mama amefunga kesi.

Dada Nesi
Niongeze moja kubwa kuliko harufu. Ule utando aliousema fundi una nikotini ndani yake, na nikotini haina harufu ya kukushtua. Unaweza kukaa chumba kisichonukia kitu na bado ipo kwenye meza, kwenye kava za makochi, kwenye shati. Mtoto ataanza kutambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo usipime kwa pua peke yake. Vutia nje, si dirishani, maana upepo unarudisha ndani. Ukiingia nawa mikono, badili shati, ndipo umpakate.

Chupa za yale maji zifungie juu kabisa. Zina rangi nzuri, zinanukia matunda, na mtoto akinywa hata kidogo ni sumu, kimbia naye hospitali. Na ukitaka kupunguza taratibu, angalia namba ya miligramu za nikotini kwenye chupa yako, kisha ukinunua nyingine shuka ngazi moja. Ukianza kuvuta mara nyingi zaidi ili kufidia, ujue umeshuka haraka mno.

Mpangaji wa Tegeta
Asanteni sana, mama nimekuelewa vizuri sana. Mke ameshampigia. Anasema mama alicheka tu, akauliza kama nakula vizuri. Mapazia yamefuliwa, vioo nimefuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maji yametoka yana rangi ya chai, sikutegemea. Vepu imehamia uani nyuma ya tanki la maji. Mwenye nyumba kashaniuliza mbona siku hizi napenda kuangalia tanki 😂

Fundi, imebaki AC. Hiyo filta naweza kutoa mwenyewe?

Fundi Baridi
Filta unaweza. Fungua kifuniko cha mbele, zivute, osha na sabuni, zianike kivulini, jua kali litazikunja. Ila zile bati za ndani na feni yake usiguse, zinataka pampu ya maji na dawa yake. Nitafute inbox. Jumamosi asubuhi nipo maeneo ya Boko, naweza kupita. Kitanda kisiwe chini ya hiyo AC tu, maji yatakayotoka ni machafu.