Piko au hina kwa mtoto wa miaka 6? Idd hiyo inakuja

MamaNayla_Unguja: Asalaam aleikum jamani. Binti yangu kang'ang'ania achorwe kama mashangazi zake, sasa sijui nimpeleke kwenye piko ambayo inakauka fasta na inatoka nyeusi tii, au ninunue hina ya koni dukani, au nikoroge unga mwenyewe na ndimu. Naogopa sababu Idd iliyopita mtoto wa jirani alipakwa piko, siku ya kwanza hana kitu, ya tatu mkono umevimba, maua yote yametoka malengelenge yani unausoma mchoro kwa vidonda. Mpaka leo ana baka jeupe mfano wa jani. Nyie mnawapaka nini?

Somo_Tanga: Mie piko napakwa tangu harusi ya dada angu wa kwanza sijawahi kuwashwa, ni damu ya mtu tu hiyo

Nesi_wa_Pwani: Shoga hapo ndo watu wanapodanganyika. Piko ni ileile dawa ya kufichia mvi, ndani mna kemikali inaitwa PPD. Mara ya kwanza mwili unajifunza kuikataa kimyakimya, moto unakuja safari ya pili au hata ya tano, kwa hiyo kutowashwa jana si kinga ya kesho. Na ukishaikataa ndo basi, mtoto huyo akija kuwa mkubwa akatia rangi nywele anaweza kuvimba uso macho yasifunguke. Ulaya sheria inaruhusu PPD isizidi asilimia 2 na ni kwa nywele, ngozini marufuku. Mkorogaji wa mtaani hapimi, anatazama weusi tu.

FundiHina_Lamu: Piko ndo inanilipa, sifichi, maharusi wote wanaitaka. Mtoto namkatalia hata mamake akinuna. Hina ya jani haiwi nyeusi, inatoka rangi ya chungwa halafu kesho yake inapiga kahawia. Koni ikikupa nyeusi ndani ya saa moja jua hiyo ni piko imevalishwa jina la hina, na isiyoandikwa viungo mie siigusi. Chukua unga, uchunge, koroga na ndimu ulaze, mpake jioni afungwe kitambaa alale nayo. Mafuta ya mikaratusi usimtilie, ngozi yake changa.

Somo_Tanga: Haya nimenyamaza 😅 ila kuna mpwa wangu kashavimba, bibi yake anampaka dawa ya meno

Nesi_wa_Pwani: Mwambie bibi aache, shikamoo yake lakini. Muoshe kwa maji na sabuni laini, malengelenge msiyatumbue, apelekwe kwa daktari apewe krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, inayomfaa mtoto, msije mkachukua zile tyubu za kujichubua maana nyingine zina steroidi kali mno. Na MamaNayla, kama binti ana upungufu wa G6PD, kile kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hata hina safi asipakwe, inaweza kuzivunja chembe hizo, na huku kwetu kwenye malaria wenye hali hiyo si wachache.

MamaNayla_Unguja: Hilo la damu nilikuwa silijui kabisa, kesho naenda kuulizia kipimo kwanza. Kikiwa sawa nakoroga unga. Kazi iliyobaki ni kumwambia haitakuwa nyeusi, kashaanza kulia 🙈