Naomba ushauri: nilinganishe vipi athari za wahamiaji kwenye mishahara ya sekta tofauti?

Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu kuhusu wahamiaji na mishahara, nimekwama kwenye sura ya sekta.

Nilianza na Wakuba wapatao 125,000 walioingia Marekani mwaka 1980, wengi wakabaki Miami. Nguvu kazi ya mji ikaongezeka ghafla kwa takriban asilimia 7. Mwanauchumi David Card (1990) hakuona mishahara ya wenyeji ikishuka. Baadaye mwanauchumi mwingine, George Borjas, akapiga hesabu upya kwa wanaume wasiomaliza sekondari tu, akakuta imeporomoka. Tukio moja, majibu mawili! Huko mashambani nako, mpango wa vibarua kutoka Meksiko ulipofungwa mwishoni mwa 1964, wakulima wa nyanya wa California walikimbilia mashine.

Nimejaribu kugawa wafanyakazi kwa elimu, lakini mhamiaji mwenye shahada anayeosha vyombo ananivurugia makundi yote. Nikigawa kwa sekta, wenyeji waliohamia kazi nyingine wananipotea.

Je, nigawe kwa aina ya kazi anayofanya mtu badala ya elimu yake? Na hao wanaohama sekta nitawanasa vipi, ikiwa takwimu nilizonazo hazimfuatilii mtu yuleyule mwaka hadi mwaka?