Miezi 3 ya uraia kabla ya kupiga kura Minnesota: je, inanihusu?

MgeniWaBaridi: Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota. Ibara ya 7 ya katiba ya jimbo hili inataka mpiga kura awe na miaka 18, awe raia wa Marekani kwa miezi 3, na awe amekaa katika eneo lake la kupigia kura kwa siku 30. Miezi 3 sijaitimiza, na siku ya uchaguzi nitakuwa nimekaa siku 24 tu katika nyumba hii. Usingizi sipati. Je, nipige kura mapema kwa posta, au nisubiri siku yenyewe nijiandikishe kituoni?

KaraniMstaafu: Maneno hayo bado yamo katika katiba, lakini sheria inayotumika vituoni inadai ukaazi wa siku 20, na kuhusu uraia inauliza kama wewe ni raia, si tangu lini, ndiyo maana raia wapya hupewa fomu za kujiandikisha siku ileile ya kiapo. Kujiandikisha siku ya uchaguzi kuliruhusiwa tangu miaka ya 1970, na kura ya mapema huanza siku 46 kabla bila kudaiwa sababu. Wewe uliapa lini?

MamaShani: Kura yangu ya kwanza niliipiga Nakuru, nikiwa kwenye foleni tangu saa kumi za usiku, na wino ulikaa kidoleni siku kadhaa. Hapa nilipewa kibandiko cha kubandika kifuani, nikabaki namuuliza karani wino uko wapi.

MdaiwaSugu: Ibara hiyohiyo inasema kwamba siku ya uchaguzi mtu hakamatwi kwa shauri la madai. Laiti uchaguzi ungekuwa kila tarehe 1, mwenye nyumba wangu angenisahau.

KaraniMstaafu: Mgeni, swali langu halijajibiwa.

MgeniWaBaridi: Usaili nimefaulu. Kiapo kimepangwa wiki moja baada ya uchaguzi. Hata hivyo, fomu nilipewa ofisini bila kuombwa hati yoyote, kodi ninalipa mwaka wa 6 sasa, na jirani ameahidi kunidhamini kituoni, kwani sheria inamruhusu mpiga kura mmoja kudhamini hadi watu 8. Nimeshaijaza na kuitia sahihi, ila sijaituma.

KaraniMstaafu: Basi si kwamba una uraia wa chini ya miezi 3, uraia huna. Jirani anadhamini kwamba unakaa katika eneo hilo, hadhamini uraia wako. Sahihi uliyoweka inathibitisha kwamba wewe ni raia, na tangu sheria za shirikisho za 1996 kujidai raia kwa uongo kunaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye grinikadi.

MwalimuWaZamani: Mwanangu, umengoja miaka yote hiyo, na wiki moja ndiyo inayokushinda? Wazazi wako hawakukulea hivyo.

MgeniWaBaridi: Shikamoo Mwalimu. Sikudanganya. Aliyenipa fomu alijua mimi ni mgeni, nami nimeshafaulu mtihani wao wa uraia. Kilichobaki ni sherehe tu.

KaraniMstaafu: Hicho unachokiita sherehe ndicho kinachokufanya raia.

PwezaMkavu: Mimi siamini. Anayeinukuu Ibara ya 7 kwa siku na miezi atakosaje kuliona neno “raia”? Naona hadithi hii imetungwa ili ipigwe picha na kusambazwa kwamba Waafrika wanaiba kura.

MamaShani: Nami nilianza kushangaa. Ofisi gani hiyo hata haitajwi?

MdaiwaSugu: Kama ni mtunzi, basi atuletee na sehemu ya pili.

MgeniWaBaridi: Ofisi siitaji kwa sababu yule karani hakuwa na nia mbaya. Niiteni mwongo mkipenda. Nauliza jambo moja tu: ikiwa fomu imeshatiwa posta, je, inaweza kurudishwa?

KaraniMstaafu: Ilitumwa lini?

MgeniWaBaridi: Juzi.

KaraniMstaafu: Usipige kura kwa njia yoyote, iwe posta au kituoni. Kesho asubuhi mwone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaandika barua kwa ofisi ya uchaguzi ya kaunti kuomba fomu ifutwe, maana fomu ya siku ya kiapo itakuuliza yaliyotokea tangu usaili.