Mjomba kaleta vidonge vya kushusha uvimbe, mzee ana saratani ya kibofu, nimpe?

Mwana_Kizota: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 67, tuko naye hapa Dodoma. Mwezi wa tatu alianza kukojoa damu, haimuumi wala nini, siku hiyo kanionyesha kwenye kopo nikadhani mtu kamwaga juisi ya rozela. Akapigwa kamera ya kibofu, uvimbe ukaonekana wakaukata kupitia njia ya mkojo, majibu yakaja ni saratani ila haijaingia kwenye msuli. Dokta kasema aanze BCG ya kuwekwa kibofuni. Sasa mjomba katoka Kibaigwa na boksi zima la diklofenaki, anasema kasikia wazungu wanatibia saratani ya kibofu kwa dawa za kushusha uvimbe, "na si huo uvimbe?" Mzee naye BCG haitaki, anasema hiyo ni chanjo ya watoto wachanga. Nifanyeje?

Fundi_Rejeta: Pole mkuu. Mjomba anapenda ndugu yake, tatizo ni kiswahili chetu, goti likivimba uvimbe, saratani nayo uvimbe 😅

DadaWaMaabara: Fundi umemaliza. Ila mjomba hajaota, kuna kitu kinaitwa COX-2 kinachochea uvimbe wa maumivu na kwenye saratani nyingi za kibofu kipo kwa wingi, na hizo dawa ndo zinakizuia. Mbwa wenye saratani ya kibofu wanapewa piroksikamu, nayo ni ya kundi hilo hilo la diklofenaki, na wengine uvimbe unapungua kweli. Kwa binadamu Uingereza walijaribu selekoksibu, nyingine ya kundi hilo, wagonjwa 472, saratani kama ya mzee ambayo haijaingia msuli, 200 mg mara mbili kwa siku miaka miwili. Majibu yalitoka 2019, kwa ujumla haikuzuia saratani kurudi halafu matatizo ya moyo yakaongezeka kwa waliomeza. Mzee ana presha?

Mwana_Kizota: Anayo, anameza dawa mbili, moja ya kukojoza. Na vidonda vya tumbo vya zamani.

DadaWaMaabara: Basi hilo boksi litoe ndani leo leo!! Diklofenaki juu ya hizo dawa figo zinaumia, presha inapanda, tumbo linaweza kutoa damu. Na BCG ni ile ile ya kifua kikuu kweli, ila hachomwi begani, inaingizwa na mrija mara moja kwa wiki kwa wiki sita, anaibana kama masaa mawili ndo anakojoa. Inawasha kibofu makusudi ili kinga ya mwili iamke ishambulie masalia. Yani mjomba anataka kupoza, dokta anataka kuwasha.

Babu_Mpwapwa: Mzee anavuta? Na alikulia wapi?

Mwana_Kizota: Sigara tangu ujana. Kakulia Misungwi, kichocho anasema walikuwa wanakiona kitu cha kawaida tu.

Babu_Mpwapwa: Vyote viwili vinaleta hiyo saratani, mwambie dokta. Na sigara aache sasa, mimi niliacha na miaka 70.

Mwana_Kizota: Shukrani wakuu. Boksi nimelificha chini ya debe la unga, mjomba kapiga simu sasa hivi anauliza mzee kameza vingapi.