Nimemaliza habari ya Baron na usingizi haupo. Nirudi kwenye sevu ya zamani, pale nilipohifadhi gemu?

Fundi Solda, Morogoro

Wakuu, habari za usiku. Kama unacheza gemu ya The Witcher 3 na bado uko eneo la Velen, ishia hapa hapa, maana namwaga yote.

Mimi si kijana. Nina kibanda cha kutengeneza simu, na PS4 yangu niliachiwa na mteja badala ya deni. Miaka yote nilikuwa mtu wa gemu za mpira: mechi mbili, matusi kidogo, kulala. Kijana wangu wa kazi ndiye aliyeniletea hii diski akaniambia, "Fundi, hii usiikimbize, sikiliza watu wanavyoongea." Basi nasikiliza, Kiingereza changu cha darasa la saba, macho kwenye maandishi ya chini, kamusi ya simu kiganjani. Mazungumzo ya dakika mbili mimi nayamaliza kwa kumi.

Sasa kuna huyu Baron. Mlevi, mkubwa wa mwili, alimpiga mkewe Anna mpaka mimba ikatoka. Mke na binti wamekimbia, naye anataka Geralt, mhusika ninayemcheza, amtafutie. Nilimchukia mara moja. Halafu ikaja ile sehemu ya kichanga kilichogeuka pepo: Baron anakibeba mikononi usiku, anakipa jina, kinazikwa kizingitini, na sauti inamkatika. Nikakuta pedi ya kuchezea iko mapajani, mikono imelegea. Baba yangu mkubwa alikuwa mtu wa namna ile. Tuyaache.

Mbele kidogo kuna mlima wenye mti, na chini yake roho imefungwa. Inasema, "Nifungue, nitawaokoa yatima kabla wale wachawi vikongwe watatu wa kinamasini hawajawala." Mimi nina watoto watatu. Niliifungua bila kusita. Nikaendelea na mambo mengine, nikasahau kabisa. Siku ya tatu ndipo hesabu ikaja: watoto wamepona kweli, ila kwa ajili hiyo vikongwe wamemlaani Anna, kageuzwa zimwi la majini, na kafa. Baron nikamkuta ananing'inia mtini, uani kwake mwenyewe.

Mke wangu akaamka, akauliza, "Nani amefariki?" Nikamwambia hakuna, lala.

Sevu ya kabla ya mti ninayo. Nikiirudia natupa siku nne za kucheza. Nyie huwa mnarudi?

Bandari Kavu, Mombasa

Pole ndugu yangu. Mimi hurudi, wala sioni haya. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini ya gemu yazoleka, na huo ndio utamu wake.

Ila nikwambie nilichokikuta. Nilirudi nikaiua ile roho. Anna akabaki hai lakini akili imemtoka, mumewe akampeleka milimani kwa mganga. Ukiwauliza wale yatima, hawako, kijumba kitupu. Yaani CD Projekt Red, hao Wapoland walioitoa gemu hii 2015, walikaa chini wakaziba milango yote mizuri. Ukirudi utabadilisha wa kumlilia tu.

Karata Moja Tu

Nyie mnalia. Mimi nina saa 60 ndani, Ciri, binti ambaye Geralt anamtafuta, hajapatikana na simtafuti, niko kwenye baa nacheza Gwent, ule mchezo wa karata wa humo ndani. Baron mwenyewe nilimla karata kabla sijamuuliza mkewe yuko wapi. Fundi, ulicheza naye kabla hajafa?

Nuru ya Zamu, Dodoma

Kaka Fundi, mimi ni muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, na nitakwenda kinyume na wenzangu: mnavyobishana kuhusu kuchagua, mnadhani kuchagua ndiko kunakoifanya hadithi iume. Iliyoniuma mimi haikuniuliza kitu.

Ni gemu ya Red Dead Redemption 2. Mwaka 1899, Arthur Morgan, jambazi unayemcheza, anatumwa kudai pesa kwa mkulima mgonjwa. Misheni hiyo haikwepeki. Unabonyeza, unampiga, na yule mtu anakohoa damu usoni kwake. Niliruka kwenye kiti, nikasema kwa sauti, "Vaa barakoa wewe!" Mdogo wangu akacheka. Yeye aliona ugomvi wa kawaida. Mimi nilishajua mwisho wa Arthur, na gemu ilikuwa haijafika hata katikati. Kuanzia pale kila akiinama kuvua samaki nasikiliza kifua.

Leo ningempa dawa za miezi 6 na angepona. Enzi zile dawa haikuwepo. Streptomycin yenyewe iligunduliwa 1943. Kwa hiyo nilitembea naye tu, nikimlisha, nikimnyoa ndevu, kama ninavyofanya na wagonjwa wengine ambao wameletwa kwa kuchelewa. Hakuna sevu ya kurudia. Gemu inayoninyima mlango naiheshimu kuliko inayonipa milango kumi.

Mpakato wa Zamani

Kompyuta yangu haiwezi kuwasha hata picha ya farasi wa Arthur, kwa hiyo mimi ni mtu wa gemu ndogo ya Undertale. Toby Fox aliitoa 2015, michoro kama ya gemu za zamani, na unaweza kuimaliza bila kuua kiumbe hata kimoja. Mimi sikujua. Nikamuua Toriel, mama wa watu aliyenipokea na kunipikia pai. Nikazima haraka, nikarudi kwenye sevu, safari hii nikamwacha hai. Najiona mjanja. Mbele nakutana na ua linaloongea, linanichekea: najua ulichofanya, ulimuua, ukajuta, ukarudi.

Tangu siku hiyo nikirudia sevu ya gemu yoyote najihisi kuna mtu dirishani.

Fundi Solda, Morogoro

Wakuu, asanteni. Jana usiku niliifungua ile sevu. Nikapanda mlimani, nikasimama mbele ya mti, ile roho ikaanza kusema maneno yale yale, kwa pumzi ile ile, kunisihi. Mara ya kwanza nilimsikia mtu aliyenaswa. Jana nikasikia mashine inayosubiri nibonyeze. Hata wale yatima niliwatazama kama vipuri: nikitoa hiki, kile kinawaka. Nikazima, nikarudi kwenye sevu yangu mpya, Baron akiwa amekufa. Niko Novigrad sasa, mji wa mbele kwenye gemu.

Dada Nuru, hiyo ya Arthur nitaitafuta, lakini kwanza nipumue. Na mganga wa Bandari, kama yuko kweli milimani, sitaki kujua alifaulu.

Wewe wa karata: hapana, sikucheza naye. Alinikaribisha, nikaona napoteza muda.