Kioo ni halisi, simu inakikataa: huu ubabe wa kufunga spea kwa namba umezidi

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitazunguka mbuyu. Chukua iPhone 11 mbili nzima, zifungue, badilishana vioo, kisha ziwashe. Hapo hakuna spea feki hata moja, vioo vyote viwili ni vya Apple, kampuni yenyewe inayotengeneza iPhone. Bado kila simu itakutolea ujumbe kwamba haiwezi kuthibitisha kama kioo ni halisi. Jaribio hilo moja linatosha kuua ule utetezi wa "tunamlinda mteja dhidi ya spea feki". Kinachokaguliwa si ubora, ni namba ya kipuri kama inalingana na ile iliyosajiliwa kwa bodi kuu ya simu ile. Isipolingana, wewe ni mtuhumiwa.

Kwenye kioo, fundi anayejali humaliza tatizo la True Tone (simu kurekebisha rangi za kioo kulingana na mwanga uliopo, ambayo hupotea ukibadilisha kioo) kwa programa, kifaa cha kusoma na kuandika data kwenye chipu: anachomeka kioo cha zamani, anasoma data, anachomeka kipya, anaiandika. Ni kazi ya dakika chache, ila chipu ya kioo cha zamani ikiwa imekufa, huna cha kusoma. Face ID, yaani kufungua simu kwa kusoma uso, ndiyo balaa. Kuanzia iPhone X hadi 12, waya bapa wa spika ya sikioni, wenye sensa za mbele, umebanwa nyuma ya kioo na namba yake imefungwa kwa bodi. Lazima uuhamishe kwenda kioo kipya. Pasha moto kidogo gundi ilegee, nyanyua taratibu kwa plastiki, usivute. Ukichanika, Face ID imekwenda, na kununua mwingine halisi hakusaidii chochote.

Mwaka 2021 Apple wakavuka mpaka kabisa. iPhone 13 ukibadilisha kioo tu, Face ID ilikuwa inazimwa, wakati kioo hakihusiki na kusoma uso. Mafundi wakalazimika kung'oa kichipu kidogo kwenye kioo cha zamani chini ya hadubini na kukipiga lehemu kwenye kipya. Kelele zilipozidi, iOS 15.2, toleo la mfumo endeshi wa iPhone, ikaondoa kizuizi. Yaani kilichoonekana kama hitaji la kiufundi kilifutika kwa sasisho la programu! Kwa hiyo kilikuwa uamuzi wa mtu ofisini, na si vinginevyo.

Betri nayo. Kuanzia iPhone XS na XR, ukiweka betri yenye namba tofauti unapata onyo. Njia ya mafundi ni kukata bodi ndogo ya saketi ya betri ya zamani na kuichomelea kwenye seli mpya. Tumia mashine ya kuchomelea kwa nukta, si pasi ya lehemu, kwa sababu joto la pasi likikaa linaharibu seli. Shusha chaji chini ya asilimia 25 kabla ya kuanza, na ziba kila ncha iliyo wazi, maana plus na minus zikigusana unawasha moto mezani. Halafu ukimaliza, simu inaonyesha asilimia ya afya na idadi ya mizunguko ya betri ya zamani mpaka uifute kwa programa. Watu wanachezea lithiamu kwa kisu ili kukwepa ujumbe wa maandishi. Kampuni inayodai inajali usalama ndiyo imewasukuma huko.

Na msidhani ni simu peke yake. Septemba 2016 printa za HP zilianza kukataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi vizuri tu, bila hitilafu yoyote kwenye wino.

Wapo watakaosema mambo yamebadilika: iOS 18 ya 2024 ilileta msaidizi wa matengenezo, unasajili spea ndani ya simu yenyewe. Sawa, ni afadhali. Lakini ni kwa baadhi ya modeli tu, na bado ruhusa inatoka kwa mtengenezaji, kwa mali uliyokwisha kulipia. Sheria ya Oregon, Marekani, ya 2024 imegusa penyewe: inakataza kufunga spea kwa programu kwenye vifaa vilivyotengenezwa baada ya tarehe 1 Januari 2025. Ndivyo inavyotakiwa kila mahali, maana bila kulazimishwa hawaachii.

Jambo la mwisho kwa wanaonunua simu mbovu ili kuchuna spea: kufuli la akaunti, linaloifunga simu kwa akaunti ya Apple ya mwenyewe, sasa linaifuata hata spea. Kabla hujalipa, hakikisha mwenye simu ametoa akaunti yake. Kama simu haiwaki, afungue akaunti kwenye kivinjari na kuiondoa simu hiyo huko. Asipofanya hivyo, kioo, betri na kamera unazotoa humo, hata ziwe safi kiasi gani, yule msaidizi wa matengenezo wa iOS atakataa kuzisajili.